Kihisi cha upepo wa tairi kikifa kwenye pikipiki: kipya cha kampuni, cha kunakiliwa, betri mpya au kifuniko cha valvu?

Tuseme mwenye BMW R 1200 GS ya mwaka 2014 ameondoka Dar es Salaam alfajiri kuelekea Iringa. Amekwisha kupita Kibaha, mwendo umekolea, tairi la mbele linasomeka vizuri kwenye dashibodi, lakini mahali pa tairi la nyuma pamebaki vistari vitupu. Mara nyingi chanzo ni betri ndogo iliyofungiwa ndani ya kihisi, na kihisi chenyewe kimo ndani ya tairi. Betri hizo hudumu takribani miaka 5 hadi 10, kwa hiyo anayenunua pikipiki iliyokwisha kutumika nje ya nchi huenda akaipokea ikiwa imebakiza msimu mmoja tu wa kusoma upepo.

Kabla ya kununua chochote, inafaa kuhakikisha kwamba kilichokufa ni kihisi kweli. Katika mfumo huu, ambao BMW huuita RDC, vistari ni jambo la kawaida pikipiki inapoanza kutembea, kwa sababu kihisi hulala ili kutunza betri na huanza kutuma taarifa pale mwendo unapozidi kilomita 30 kwa saa. Pikipiki ikisimama, huendelea kutuma kwa takribani dakika 15 kisha hulala tena. Dalili ya betri inayochoka ni namba kuchelewa kutokea, au kupotea asubuhi za baridi na kurudi tairi likipata joto, au gurudumu moja kunyamaza kabisa wakati jingine linasomeka. Magurudumu yote mawili yakinyamaza kwa siku moja, ni busara kushuku kipokezi kilichomo ndani ya pikipiki kabla ya kulaumu vihisi. Gereji yenye kifaa cha kuamshia vihisi inaweza kuthibitisha jambo hili kwa dakika chache bila kufungua tairi, na gharama ya kipimo hicho ni ndogo mno ikilinganishwa na kununua kihisi ambacho hakikuhitajika.

Wapo wanaouliza kama kuna haja ya kuhangaika na kifaa hiki wakati pikipiki zilitembea miaka mingi bila hicho. Kwa anayezunguka mjini pekee, swali hilo ni la haki. Kwa anayesafiri, nalijibu bila kusita: kuna haja. Mwiba wa mgunga hautoboi tairi kwa kishindo. Hulivujisha polepole, na mwendeshaji hutambua pale usukani unapoanza kuwa mzito. Barabara ya kwenda Iringa hupita kilomita 50 hivi ndani ya Hifadhi ya Mikumi, mahali ambapo hakuna mtu anayependa kushuka na kuziba pancha, na baada ya hapo huja kona za Kitonga, ambako tairi la mbele lenye upepo pungufu ni hatari ya moja kwa moja. Onyo la dakika 10 mapema humwezesha mwendeshaji kuchagua mahali pa kusimama.

Sheria nayo ina mchango katika ugumu wa kuchagua. Marekani ililazimisha mfumo huu kwenye magari mapya madogo kufikia mwaka wa 2007, na Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo kwa magari yote mapya ya abiria kufikia Novemba 2014, lakini pikipiki hazikuhusishwa. Kila kampuni ikawa na njia yake: kihisi cha Honda Gold Wing hakitasomwa na BMW, na cha Kawasaki hakitasomwa na Ducati, hata kama umbo linakaribiana. Tena vihisi huuzwa kwa masafa mawili makuu ya redio, megahezi 315 na 433, na kilicho katika masafa yasiyo ya pikipiki yako hakitasikika hata kikiwa kipya kabisa. Anayeagiza kwa njia ya mtandao asiridhike na picha. Aangalie namba ya kipuri na masafa.

Kipya cha kampuni na kile cha kunakiliwa

Kihisi cha asili, kinachoagizwa kwa wakala kwa kutumia namba ya chesisi, kina sifa moja ambayo wengi hawaithamini mpaka waikose: umbo lake linakaa sawasawa ndani ya rimu iliyotengenezwa kwa ajili yake, na pembe ya valvu yake inaruhusu bomba la kujazia upepo kuingia bila kugusana na diski ya breki. Ubaya wake ni bei, kwa maana kihisi kimoja mara nyingi hupita gharama ya seti nzima ya vihisi vya kifuniko, vile vinavyofungwa juu ya valvu, na pia kusubiri meli au ndege. Kuna jambo la tatu ambalo wauzaji hawalitaji mapema. Kila kihisi kina namba yake ya utambulisho, na kompyuta ya pikipiki husikiliza namba inazozijua tu. Kukifunga kipya bila kuifundisha pikipiki namba hiyo ni sawa na kutokifunga kabisa. Kazi hiyo hufanywa kwa mashine ya wakala au kwa vifaa huru. Wenye BMW wengi hutumia GS-911, kifaa kinachotengenezwa Stellenbosch, Afrika Kusini. Anayekitegemea ahakikishe kwanza kwamba toleo alilonalo linaifanya kazi hiyo kwa modeli yake.

Kihisi cha kunakiliwa kinalikwepa tatizo hilo kwa upande wa pili. Kinanunuliwa kikiwa kitupu, kisha kifaa cha gereji kinaandika ndani yake namba ile ile ya kihisi cha zamani, na pikipiki haitambui kwamba kuna kilichobadilika. Kwa anayeishi mbali na wakala, hii ni nafuu kubwa. Hata hivyo kuna mashaka mawili yanayohitaji kushughulikiwa. La kwanza ni kwamba namba ya zamani lazima ipatikane. Kihisi kikiwa hai, kifaa huisoma hewani, lakini kikiwa kimekufa itabidi tairi lifunguliwe na namba isomwe kwenye mwili wake, ikiwa haijafutika. La pili ni uzito na umbo. Vihisi vingi vya aina hii vilibuniwa kwa ajili ya magari, na rimu ya gari ina nafasi ambayo rimu ya pikipiki haina. Kihisi kinachogusa ukuta wa rimu, au kilichoshikiliwa na valvu ya mpira badala ya chuma, sikishauri hata kama kinasomeka vizuri siku ya kwanza, kwa sababu ndani ya gurudumu linalozunguka kila gramu hugeuka mzigo. Kwa hesabu ya gurudumu la inchi 17 kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kitu cha gramu 30 kilicho karibu na rimu huvutwa kwenda nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 5.

Kati ya viwili hivi, hukumu yangu hutegemea gereji kuliko kifaa. Palipo na fundi mwenye mashine na aliyekwisha kufanya kazi hii kwenye pikipiki ya aina yako, cha kunakiliwa chenye valvu ya chuma ni chaguo la haki. Pasipo na fundi wa namna hiyo, tofauti ya bei ya kihisi cha asili inalipwa mara moja tu, ilhali kufungua tairi mara ya pili na ya tatu kwa kubahatisha kuna gharama ya kila mara, pamoja na hatari ya kukwaruza rimu.

Kubadilisha betri pekee

Njia hii ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na inavutia kwa sababu namba ya kihisi inabaki ile ile, hivyo hakuna cha kufundisha wala kunakili. Kihisi hutolewa, utomvu mgumu uliokifunika hukatwa, betri ya lithiamu ya volti 3 huondolewa na mpya huwekwa, kisha hufunikwa upya kwa gundi ya epoksi. Nimeona kazi hii ikifanywa vizuri, na nimeona ikifanywa vibaya. Tofauti imo katika mambo matatu. Betri inunuliwe ikiwa na vipande vyake vya kuungia vilivyokwisha kushikizwa kiwandani, kwa sababu kulehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu huipasha joto mno na inaweza kupasuka mkononi. Kitundu kidogo ambacho kihisi hupimia upepo kisizibwe na gundi. Na gundi iwe ya kuvumilia joto na mtikisiko, kwa kuwa ikibanduka, vipande vitakuwa vikizunguka ndani ya tairi pamoja na mwendeshaji aliye juu yake.

Simshauri mtu wa kawaida kuifuata njia hii kwa gurudumu la mbele. Kwa fundi wa vifaa vya umeme anayejua anachokifanya, na ambaye tairi lake linafunguliwa kwa sababu nyingine, inawezekana.

Ndani ya tairi au juu ya valvu?

Hapa ndipo uchaguzi ulipo hasa. Kihisi cha kifuniko hakiingii ndani. Hufungwa juu ya valvu mahali pa kifuniko cha kawaida, na hutuma taarifa kwenye skrini ndogo ya usukani au kwenye simu kwa njia ya Bluetooth. Betri yake, ambayo mara nyingi ni ya kitufe aina ya CR1632, hubadilishwa na mwenyewe kwa dakika chache. Tairi halifunguliwi, kompyuta ya pikipiki haiguswi, na pikipiki ikiuzwa, vihisi huhamia kwenye nyingine. Kwa pikipiki yenye rimu za spoku zinazotumia tyubu, hiki ndicho kinachobaki, kwa kuwa kihisi cha ndani hakiwezi kufungwa palipo na tyubu.

Faida yake kubwa huonekana siku ya pancha. Fundi wa pancha wa kando ya barabara kwa kawaida hajui kwamba ndani ya tairi la pikipiki kunaweza kuwa na kifaa, naye huchomeka vyuma vya kubandulia tairi popote panapomrahisishia. Chuma kikipita karibu na valvu, kihisi cha ndani huvunjika papo hapo. Ndiyo maana mwenye vihisi vya ndani anapaswa kusimama pale pale na kusema mapema: “Fundi, humu ndani mna kifaa kimeshikana na valvu, naomba uanzie upande wa pili.” Mafundi wengi hulipokea jambo hilo vizuri wakielezwa kwa heshima, lakini wasipoelezwa, lawama si yao. Dawa ya kuzibia pancha, ile inayopulizwa kupitia valvu, nayo ni adui wa kihisi cha ndani kwa sababu huweza kuziba kitundu chake cha kupimia. Kwa kuwa matairi ya GS hayatumii tyubu, pancha nyingi huzibwa kwa kuchomeka utambi wa mpira bila kulitoa tairi, na njia hiyo haina madhara kwa kihisi.

Lakini kihisi cha kifuniko nacho kina udhaifu ambao matangazo hayautaji. Kikifungwa, huibonyeza sindano ya valvu na kuiacha wazi muda wote ili kipate kuusoma upepo. Kuanzia hapo kinachozuia upepo usitoke si valvu tena bali ni oringi, yaani pete nyembamba ya mpira iliyo ndani ya kifuniko. Ikichakaa, au kokoto ikikigonga kwenye barabara ya changarawe, kifaa kilichowekwa kulinda tairi ndicho kitakacholivujisha. Uzito nao haukwepeki: kwa hesabu ile ile ya kilomita 100 kwa saa, kifuniko cha gramu 10 huivuta valvu kwa nguvu ya takribani kilo moja na nusu, na valvu ya mpira iliyozeeka hupinda na hatimaye kuchanika shinani. Asiyekuwa tayari kubadilisha valvu za mpira na kuweka za chuma asivifunge kabisa. Tena huibwa kwa urahisi. Zipo nati za kukikaza ili kisifunguliwe kwa vidole, lakini zinamlazimu mwenyewe atembee na spana yake kila anapotaka kuongeza upepo.

Kuna kosa moja ambalo nimelifanya mimi mwenyewe na ningependa wengine walikwepe. Vihisi vya ndani vikifa, wengi huviacha humo humo na kufunga vya kifuniko juu ya valvu zake. Kihisi kilichokufa hakina madhara kwa tairi, isipokuwa onyo litaendelea kubaki kwenye dashibodi. Tatizo ni kwamba valvu za vihisi vya ndani mara nyingi ni za alumini, na meno ya kifuniko huwa ya shaba. Metali mbili tofauti zikikutana na unyevu wenye chumvi, moja huila nyingine, na katika hewa ya pwani kazi hiyo haichukui muda mrefu. Nilipojaribu kukifungua kifuniko Tanga baada ya miezi kadhaa bila kukigusa, kilikuwa kimeng'ang'ania, na valvu ikakatika mkononi. Anayechagua njia hii afungue vifuniko kila baada ya wiki mbili, apake mafuta ya kuzuia kutu kwenye meno, au aiondoe valvu ya alumini na kuweka ya shaba tairi litakapofunguliwa.

Namba mbili zisizofanana, zote za kweli

Aliyezoea kimoja akihamia kingine hushtuka kuona namba hazilingani. Mfumo wa BMW hauonyeshi upepo kama ulivyo wakati huo. Huukokotoa ungekuwa kiasi gani kama hewa ya tairi ingekuwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Ukijaza tairi la mbele PSI 36 asubuhi ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32, kipimo cha mkono na kihisi cha kifuniko vitasema 36, lakini dashibodi itaonyesha takribani 34, na hakuna kilichokosea. Kitabu cha GS hutaja PSI 36 mbele na 42 nyuma tairi likiwa limepoa, kwa hiyo dashibodi inakuambia kwamba kwa kipimo cha kitabu bado unahitaji kuongeza kidogo.

Kihisi cha kifuniko, kwa upande wake, huonyesha kilichopo. Tairi lililojazwa PSI 36 katika asubuhi ya nyuzi 20 Iringa litasoma takribani 43 hewa yake ikifika nyuzi 60 mchana, na seti nyingi zitapiga kelele kana kwamba kuna hatari. Mwendeshaji akipunguza upepo hapo, kesho asubuhi atakuwa anatembea na tairi pungufu. Kwa asiyependa kufanya hesabu njiani, mfumo wa ndani unamsaidia zaidi. Kwa anayepunguza upepo kwa makusudi kabla ya kuingia kwenye mchanga kisha akaujaza tena akirudi kwenye lami, namba halisi ya kifuniko ni bora, hasa kwa kuwa baadhi ya vifaa hivyo husoma hata pikipiki ikiwa imesimama, wakati RDC husubiri mpaka mwendo uzidi kilomita 30 kwa saa ndipo iseme.

Nani achague kipi

Anayesafiri zaidi kwenye lami, anayefungua matairi kwenye gereji anayoiamini na anayekusudia kukaa na pikipiki yake miaka mingi, ningemwelekeza kwenye kihisi cha ndani, cha asili akiweza, na avibadilishe vyote viwili kwa pamoja siku ya kuweka matairi mapya. Vilizaliwa siku moja. Kimoja kikifa cha pili hakiko mbali, na ada ya kufungua tairi hulipwa mara moja badala ya mbili. Siku hiyo fundi abadilishe pia oringi na sindano za valvu, akaze nati kwa spana ya kupimia nguvu na si kwa kukisia, kwa sababu meno ya alumini huharibika upesi, kisha gurudumu lifanyiwe balansi upya.

Anayepita njia za vumbi na mawe, anayeziba pancha mwenyewe au kwa fundi yeyote anayempata, na mwenye rimu za tyubu, achukue vihisi vya kifuniko pamoja na valvu za chuma, na asisahau kubeba oringi za akiba na vifuniko viwili vya kawaida, ili kimoja kikianza kuvuja akitoe na safari iendelee. Aliyebakiza miezi michache kabla ya kuiuza pikipiki hana sababu ya kununua chochote zaidi ya kipimo kizuri cha mkono, ambacho hata wale wengine wote wanapaswa kuwa nacho chini ya kiti.

Kwa yeyote atakayechagua kihisi cha ndani, tairi likiwa bado liko wazi apige picha ya namba ya utambulisho iliyoandikwa kwenye kihisi, kisha aiandike pamoja na tarehe kwenye karatasi iliyofunikwa kwa plastiki na kuiweka kwenye mkoba wa spana. Betri itakapokwisha miaka kadhaa baadaye, namba hiyo itamwezesha fundi kuandaa kihisi kipya kabla hata gurudumu halijatolewa kwenye pikipiki.